Kocha wa Maisha Si Tabibu wa Nafsi

Baada ya swala ya Alasiri alitujia mama mmoja mwenye huzuni. Binti yake, aliyejifungua miezi mitatu nyuma, halali, chakula hakimpiti, na humtazama mwanawe kana kwamba ni mtoto wa jirani. Jamaa walikuwa wamemlipia kocha wa maisha, naye akampa daftari aandike malengo yake ya kila juma. Daftari lingali jeupe. Mama akatuuliza, "Sheikh, mwanangu ni mvivu?"

Ndugu zetu, kazi hizi mbili tusizichanganye. Kocha wa maisha humsaidia mtu mwenye afya anayejua aendako ila hajui aanzie wapi: kufungua biashara ya mapishi, kurejea masomoni, au kupanga matumizi ya nyumba. Humwuliza maswali, hupanga naye muda, kisha humfuatilia. Ni kazi njema, nayo hutazama kesho.

Tiba ya nafsi ni matibabu. Huifanya aliyesomea maradhi ya nafsi, akatafuta chanzo cha jeraha na kuliuguza taratibu, na panapohitajika dawa humpeleka mgonjwa kwa daktari. Hapa Kenya, washauri nasaha na wanasaikolojia wana sheria yao ya mwaka 2014 inayohusu usajili wao. Basi si aibu kumwuliza mtu: umesomea nini, na umesajiliwa wapi?

Wala jambo hili si geni katika Uislamu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya siha ya mwili na ya nafsi pamoja, akaieleza huzuni kuwa ni maradhi yanayotibika.

Mwenye mguu uliovunjika hafunzwi kukimbia. Huungwa mfupa kwanza. Huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, usingizi ukitoweka, au mtu akitamani mauti, asingojee kocha. Na anayetaja kujidhuru, au kumdhuru mtoto, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake.

Tulimjibu mama yule: binti yako si mvivu, wala imani yake haikupungua. Ni mzazi mgonjwa. Mpeleke hospitali, mpokee mtoto usiku apate kulala, na dua isikatike. Daftari la malengo litamngoja.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, wa miili na wa nafsi. Amin.