Mlinzi wa walaji Marekani alivyoporwa namba zake za simu

Jioni moja mwaka 2016, simu ya mama mmoja nchini Marekani ilikatika katikati ya mazungumzo. Simu ya pili iliyokuwa kwenye akaunti hiyo hiyo nayo ikanyamaza. Alipopiga kwa simu ya mezani kuiuliza kampuni inayomhudumia, alijibiwa kwamba akaunti yake imeongezewa simu mpya aina ya iPhone, na kwa sababu hiyo laini zake za zamani zimezimwa. Mhudumu alidhani ni makosa ya kawaida, akamwelekeza aende dukani.

Hayakuwa makosa. Mtu asiyejulikana alikuwa ameingia katika duka la simu, akajitambulisha kwa jina la mama huyo, akachukua simu mbili za bei ya juu kwa mkopo na kuondoka nazo zikiwa tayari na namba za mwenyewe. Deni likabaki kwa mwenye jina.

Kilichofanya kisa hicho kisikike mbali ni kazi ya aliyeibiwa. Profesa Lorrie Cranor wakati huo alikuwa Mtaalamu Mkuu wa Teknolojia wa Tume ya Shirikisho ya Biashara, FTC, chombo cha serikali ya Marekani kilichoundwa mwaka 1914 ambacho, pamoja na mambo mengine, huwalinda walaji dhidi ya udanganyifu wa kibiashara. Yaani mtu aliyeajiriwa kuishauri serikali namna ya kuwakinga wananchi na wizi wa aina hiyo ndiye aliyeibiwa.

Cranor si mwanasiasa wala mwanasheria. Ni mtaalamu wa kompyuta aliyepata shahada ya uzamivu mwaka 1996, akafanya utafiti katika maabara za kampuni ya simu ya AT&T kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh. Kazi yake kubwa imekuwa kuangalia kwa nini ulinzi unaotengenezwa na mafundi huwashinda watu wa kawaida kuutumia. Mwaka 2008 yeye na mwenzake walikadiria kwamba mtu akiamua kusoma masharti ya faragha ya kila tovuti anayoingia, angehitaji zaidi ya saa 200 kwa mwaka. Hakuna mwenye muda huo, na wanaoandika masharti hayo wanajua.

Cheo alichopewa FTC Januari 2016 kilikuwa bado kichanga. Wa kwanza kukishika alikuwa Profesa Ed Felten, mwaka 2011. Tume hiyo ilikuwa na wanasheria na wachumi tele, lakini kesi zilizidi kuhusu programu, simu na taarifa za wateja. Mwanasheria anaweza kuona kwamba kampuni imeahidi kutunza siri za wateja wake. Anayeweza kufungua programu na kuonyesha kwamba taarifa zinavuja ni fundi. Wengi wa wataalamu hao wa mwanzo walitoka vyuoni, wakakaa mwaka mmoja au miwili, kisha wakarudi kufundisha. Cranor mwenyewe alikaa takribani mwaka mmoja.

Katika muda huo mfupi alianza na nyumba yake mwenyewe. Tume ilikuwa imewashauri wananchi kubadilisha nywila zao mara kwa mara, na watumishi wake walilazimika kubadilisha za kazini kila baada ya siku 60. Cranor aliuliza ushauri huo umetoka wapi. Alionyesha utafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina uliochunguza nywila za akaunti zaidi ya 10,000: watu wanapolazimishwa kubadilisha, hugeuza tarakimu moja tu mwishoni. Kwa asilimia 17 ya akaunti hizo, aliyejua nywila ya zamani aliweza kuotea mpya kwa majaribio yasiyofika matano. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, nayo iliacha kupendekeza ubadilishaji wa kila mara bila sababu.

Turudi kwenye laini zilizoibiwa. Ipo sheria Marekani inayompa mtu aliyeibiwa utambulisho haki ya kudai kumbukumbu za muamala uliofanywa kwa jina lake, bure, na kampuni inapaswa kuzitoa ndani ya siku 30. Cranor aliitumia. Kumbukumbu zilionyesha kuwa mwizi alikwenda duka moja katika jimbo la Ohio, mamia ya kilomita kutoka kwake, akiwa na kitambulisho cha bandia chenye jina la Cranor na picha ya mwizi. Hakukuwa na utundu wowote wa kompyuta. Karani aliangalia picha, akaangalia sura, akaridhika.

Juni 2016 alikieleza kisa hicho hadharani na kutoa takwimu za tume. Januari 2013 ilipokea malalamiko 1,038 ya kutekwa kwa akaunti za simu au kufunguliwa akaunti kwa majina ya watu wengine. Januari 2016 yalikuwa 2,658. Sheria mahususi ilichelewa. Ni Novemba 2023 ndipo mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilipopitisha kanuni za kuzitaka kampuni za simu kumhakiki mteja kwa njia salama kabla ya kuhamisha namba yake.

Kwa mfanyabiashara wa Namanga, Tunduma au Rusumo, laini ni sanduku la fedha. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, malipo ya mzigo, posho ya dereva na hela ya mafuta hupita humo. Tofauti na Marekani ni kwamba hapa mwizi wa laini anahitaji pia namba ya siri. Ndiyo maana hupiga simu akijifanya huduma kwa wateja, au hujaribu mwaka wa kuzaliwa, ambao unasomeka kwenye kila nakala ya kitambulisho inayoachwa gesti.

Dereva wa masafa ana hatari yake ya pekee. Hutembea na laini tatu au nne za nchi mbalimbali, na ile ya Kenya hulala imezimwa wiki nzima akiwa Kigali. Ikitekwa siku hizo hatajua. Heri fedha nyingi zisilale kwenye laini isiyokuwa hewani. Aidha, laini iliyosajiliwa kwa jina la dalali au shemeji ni tabu tupu siku ya kudai, kwani kampuni humsikiliza aliyesajiliwa, si aliyeishika.

Nchini Kenya, mteja wa Safaricom anaweza kupiga *100*100# ili laini yake isibadilishwe kwa wakala, bali katika maduka ya kampuni pekee. Huduma hiyo ilitangazwa mwaka 2022. Tanzania, *106# huonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, na namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040. Laini ikipoteza mtandao ghafla mahali ambapo simu za wenzako zinashika vizuri, usisubiri hadi ufike nyumbani. Azima simu hapo hapo, piga kampuni husika na uwaambie wafunge akaunti ya fedha kwanza. Habari ya kurudisha laini itafuata baadaye.