Je, Wajua? Wawili Wanatosha Kuchezesha Kijiji

Je, wajua kwamba Khwisero, upande wa kusini wa Kaunti ya Kakamega, ni kwao Abakisa, na kwamba wadi zake zote 4 zina jina hilo? Kuna Kisa Kaskazini, Kisa Mashariki, Kisa Magharibi na Kisa ya Kati. Kwa wapenzi wa muziki, Kisa ina sifa ya ziada: huko ndiko alikotoka George Mukabi, bingwa wa gita la omutibo.

Je, wajua kwamba omutibo, uliovuma miaka ya 1950, ni kama ngoma iliyohamia kwenye nyuzi? Vidole vya mpigaji huchukua mdundo wa ngoma za sukuti: kidole gumba kinashika besi, vingine vinacheza juu yake. Ndiyo maana ukimsikiliza Mukabi katika “Sengula Nakupenda”, wimbo wake maarufu wa Kiswahili, miguu haikai. Mukabi alifariki mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru, angali kijana. Mwanawe Johnstone Mukabi alishika gita baada yake.

Na je, wajua mwenzake gita la omutibo alikuwa nani? Chupa ya Fanta! Chupa ile ya kioo ya zamani ilikuwa na matuta kuizunguka. Mpigaji aliishika kwa mkono mmoja, akaikwaruza matuta yake kwa kipande cha chuma, kisha akaigonga palipo na mkazo. Kwaru-kwaru-ti, kwaru-kwaru-ti. Sauti yake kali ilipenya kelele za watu, hata aliyekaa nyuma kabisa akajua mdundo uko wapi. Gita moja na chupa moja vilitosha kufungua dansi. Kwangu mimi huo ni uvumbuzi mkubwa, wala haukuhitaji hela zaidi ya bei ya soda.

Je, wajua kwamba sukuti, au isukuti kama wanavyoiita wenyewe Abisukha na Abidakho, inatambuliwa na UNESCO? Mwaka 2014 ngoma hiyo iliingizwa katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Kwa Kenya ilikuwa turathi ya pili kuorodheshwa na UNESCO kwa namna hiyo, baada ya mila za makaya ya Wamijikenda mwaka 2009. Mwaka huo huo wa 2014, ngoma za kifalme za Burundi nazo ziliorodheshwa, ila katika orodha ya kawaida. Ya kwetu iliwekwa kwenye orodha ya wagonjwa, na sababu zake zinauma: wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi, vifaa vya kutengenezea ala na mavazi vimeadimika, na watunzi wamekimbilia muziki wenye soko.

Ngoma hupigwa tatu kwa pamoja: kubwa, ya kati na ndogo. Huongezwa pembe ya swala na njuga za chuma. Mwimbishaji anatangulia, wanaume safu yao, wanawake yao. Utaikuta kwenye harusi, matanga, jando, hata uwanjani AFC Leopards wakicheza. Mabega ndiyo yanayosema zaidi.

Je, wajua kwamba mtoto mchanga huzaliwa tayari na sikio la mdundo? Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba ubongo wa mtoto mwenye siku mbili au tatu hushtuka pigo linalotarajiwa likirukwa. Mwaka uliofuata, watafiti nchini Ujerumani waligundua kwamba watoto wa miaka minne waliocheza muziki pamoja walisaidiana zaidi baadaye kuliko wenzao waliocheza bila muziki. Na mwaka 2012, kundi la Robin Dunbar wa Oxford liliona kwamba wanaoimba, kupiga ngoma au kucheza huvumilia maumivu zaidi kuliko wanaosikiliza tu. Faida iko kwa anayeshiriki. Wazee wetu waliosema matanga hayakaliwi kimya walilijua hilo bila maabara.

Basi, je, wajua kwamba warsha ya midundo inaweza kuendeshwa na watu wawili tu, mmoja wa ngoma na mmoja wa miguu? Wa ngoma hasemi mengi. Anapiga kipande kifupi, umati unakirudisha kwa makofi. Wa miguu anaonyesha hatua moja, kisha anaingia katikati ya watu na kucheza bega kwa bega na aliye na haya kuliko wote. Mdundo ukishika, wanaugawa umati mara tatu kwa mfano wa ngoma zile tatu: hawa wakanyage chini kwa uzito, hawa wapige makofi, na hawa wa mwisho wakwaruze chupa. Ugumu uko wakati kundi moja linapovutwa na mdundo wa jirani. Hapo wa ngoma hawakemei. Anawasogelea, anawapigia mdundo wao kwa nguvu kidogo mpaka waupate tena. Nionavyo mimi, warsha inayoanza kwa hotuba imeshapoteza nusu ya watoto. Ianze kwa pigo.

Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, bado huwapandisha wanafunzi jukwaani na ngoma za jamii zao, na hilo ni jema. Lakini jukwaani wanapanda wachache waliochaguliwa, huku wengine wakibaki kutazama.

Kwa hiyo, mwalimu, mchungaji au mzee wa mtaa wa Khwisero unayesoma hapa: tafuta mzee mmoja anayeijua sukuti na kijana mmoja anayejua kuchezesha watu. Wape uwanja wa shule Jumamosi moja alasiri, na uwaambie watoto waje na chupa.