Gari la 4x4

Gari la 4x4 (husomwa "fo bai fo") ni gari ambalo nguvu ya injini yake inaweza kufikishwa kwenye magurudumu yote manne kwa wakati mmoja. Namba ya kwanza inaonyesha idadi ya magurudumu, na ya pili inaonyesha idadi ya magurudumu yanayozungushwa na injini. Kwa hiyo gari dogo la kawaida, ambalo injini huzungusha magurudumu ya mbele tu au ya nyuma tu, ni 4x2.

Magari ya 4x4 hutumika hasa mahali penye barabara mbovu: mashambani, milimani, jangwani na katika hifadhi za wanyama. Kwa mfano, nchini Tanzania magari yanayoruhusiwa kushuka ndani ya kreta ya Ngorongoro ni ya 4x4 tu.

Mtu anayemiliki gari la namna hiyo kwa mara ya kwanza anahitaji kujua mambo mawili kabla ya mengine yote: aina ya mfumo uliomo ndani ya gari lake, na mipaka ya mfumo huo. Magurudumu manne yanayosukuma humsaidia dereva kuondoka na kusonga mbele. Hayamsaidii kusimama, kwa sababu kila gari, liwe 4x2 au 4x4, hufunga breki kwa magurudumu yote manne. Kusahau tofauti hiyo kunaweza kusababisha ajali.

Historia fupi

Mwaka 1903 kampuni ya Spyker ya Uholanzi ilitengeneza gari la mashindano lililoitwa Spyker 60 HP. Linahesabiwa kuwa gari la kwanza la injini ya petroli lililosukumwa na magurudumu yote manne.

Magari hayo yalienea wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kuanzia mwaka 1941 kampuni za Willys-Overland na Ford za Marekani zilitengeneza kwa ajili ya jeshi zaidi ya magari 600,000 ya aina ya Jeep. Baada ya vita, kampuni ya Rover ya Uingereza ilionyesha Land Rover ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, ikilengwa kwanza kwa wakulima. Toyota ya Japani ilianza na gari la BJ mwaka 1951, ambalo lilipewa jina la Land Cruiser mwaka 1954. Suzuki ilileta Jimny mwaka 1970, na mwaka huohuo ilitoka Range Rover, iliyosukumwa na magurudumu yote manne muda wote.

Katika Afrika Mashariki Land Rover ilijulikana sana hadi jina lake likaingia katika Kiswahili kama "landrova". Siku hizi magari mengi ya 4x4 yanayonunuliwa na watu binafsi Kenya, Tanzania na Uganda huletwa yakiwa yametumika nchini Japani. Mara nyingi hufika bila kitabu cha maelezo au na kitabu kilichoandikwa kwa Kijapani, na hivyo mwenye gari hubaki akibahatisha maana ya vitufe na mikono ya gia.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Gari linapokata kona, kila gurudumu hupita njia ya urefu wake. Gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani, na magurudumu ya mbele husafiri mbali kuliko ya nyuma. Difu ni kifaa cha meno kilichoko katikati ya ekseli, ambacho huyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti.

Difu ina udhaifu mmoja. Gurudumu moja likiwa kwenye utelezi au likining'inia hewani, huzunguka bure, na lile lililo kwenye ardhi imara halipati nguvu ya kutosha kuliondoa gari. Ndiyo maana baadhi ya magari yana kifaa cha kufunga difu, ambacho huyalazimisha magurudumu mawili kuzunguka pamoja.

Nyuma ya gia boksi kuna sanduku jingine la meno linaloitwa transfa. Kazi yake ni kuigawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Transfa nyingi zina pia gia nzito, yaani mpangilio unaopunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuvuta.

Mifumo imegawanyika katika makundi matatu:

- 4x4 ya kuchagua. Kwa kawaida gari hutembea kwa magurudumu ya nyuma. Dereva akiweka 4x4, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja na kuzunguka kwa kasi ileile.
- 4x4 ya kudumu. Magurudumu yote husukuma muda wote. Difu ya tatu, iliyoko katikati, huruhusu ekseli mbili kutofautiana kasi.
- 4x4 ya kujiendesha. Gari husukumwa na ekseli moja, na kompyuta huipa nguvu ekseli ya pili inapogundua utelezi. Mengi ya magari haya hayana gia nzito na hayakuundwa kwa njia ngumu.

Maana ya alama

Alama hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni, lakini zifuatazo ni za kawaida:

- H2 au 2H: magurudumu mawili, mwendo wa kawaida. Hutumika kwenye lami.
- H4 au 4H: magurudumu manne, mwendo wa kawaida. Hutumika kwenye vumbi, changarawe na matope mepesi.
- L4 au 4L: magurudumu manne, gia nzito. Hutumika kwa mwendo mdogo kwenye mlima mkali, mawe au tope zito.
- N: transfa haipeleki nguvu popote. Gari likiachwa hapa linaweza kuserereka hata kama gia imeingizwa, kwa hiyo breki ya mkono ni lazima.

Ili kuingia au kutoka gia nzito, katika magari mengi gari linapaswa kusimama kabisa. Gia ya kawaida huwekwa kwenye nafasi huru, au klachi hukanyagwa, kabla ya kubadilisha. Baadhi ya magari, hasa ya zamani, yana pia kifungio katikati ya gurudumu la mbele chenye alama za FREE na LOCK. Kikiwa kwenye FREE, magurudumu ya mbele hayapati nguvu hata kama mkono wa ndani umewekwa 4x4. Dereva asiyejua jambo hilo huweza kudhani gari lake ni bovu.

Kwenye lami kavu

Kosa linalogharimu zaidi ni kuendesha gari lenye 4x4 ya kuchagua likiwa kwenye H4 au L4 juu ya lami kavu. Kwa kuwa ekseli mbili zimefungwa pamoja, kila kona huacha tofauti ya mzunguko ambayo haina pa kwenda. Kwenye matope au mchanga tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo huisha. Kwenye lami tairi hung'ang'ania, na mkazo hujilimbikiza ndani ya transfa na difu. Dalili zake ni usukani kuwa mzito, gari kushtuka kwenye kona, na mkono wa 4x4 kukataa kutoka. Mwisho wake ni meno kuvunjika. Mkono ukikataa kutoka, kurudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka mara nyingi huulegeza.

Difu iliyofungwa nayo haitumiki kwenye lami, kwa sababu gari hugoma kukata kona.

Tairi na upepo

Tairi ndiyo sehemu pekee inayogusa ardhi, na tairi kipara hulishinda gari lolote la 4x4. Tairi zote nne zinapaswa kuwa za saizi moja na kuchakaa kwa kiwango kinachokaribiana. Zikitofautiana, mfumo hufanya kazi kama vile gari linakata kona muda wote. Tairi ya akiba nayo iwe ya saizi hiyohiyo.

Kwenye mchanga, kupunguza upepo husaidia kuliko kuongeza mafuta. Tairi yenye upepo kidogo hutandazika, na uzito wa gari huenea juu ya eneo kubwa zaidi. Madereva wa mchangani hushusha mara nyingi hadi kati ya PSI 15 na 20. Katika hali hiyo mwendo uwe mdogo na kona zisiwe kali, maana tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu. Upepo hurudishwa kabla ya kuingia lami, kwa sababu tairi laini ikikimbizwa hupata joto na kupasuka. Kwa hiyo pampu na kipimo cha upepo ni vifaa vya lazima.

Matope na milima

Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hujaza mifereji ya tairi na kuigeuza kuwa laini kabisa. 4x4 huwekwa kabla ya kuingia tope, si baada ya kukwama. Mwendo wa taratibu usiokatika ni bora kuliko kasi. Magurudumu yakianza kuzunguka bila gari kusonga, kuendelea kukanyaga mafuta huchimba shimo tu.

Kwenye mteremko mkali dereva huweka gia nzito, namba moja, na kuiacha injini izuie mwendo. Klachi haikanyagwi, kwani gari litabaki kwenye breki peke yake. Gari likishindwa kumaliza mlima, hurudishwa nyuma likiwa limenyooka, kwa gia ya rivasi. Kujaribu kuligeuza katikati ya mlima ni hatari, kwa sababu magari haya yako juu na hupinduka kirahisi yakikaa upande. Hatari hiyo huongezeka mizigo mizito inapofungwa juu ya paa.

Kuvuka maji

Gari kubwa humpa dereva imani isiyo na msingi mbele ya mto uliofurika. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 hivi yanaweza kuyaelesha magari mengi madogo, na kina cha sentimita 60 kinaweza kulichukua hata gari kubwa la 4x4. Bomba la kupitisha hewa juu, yaani snokeli, huilinda injini isivute maji. Haliongezi uzito wa gari wala halipunguzi nguvu ya mkondo. Kina kinachoruhusiwa hutajwa na mtengenezaji: kwa Land Rover Defender ya zamani ni sentimita 50, na kwa ile iliyotoka mwaka 2020 ni hadi sentimita 90.

Maji yaliyotulia hupimwa kwanza kwa fimbo au kwa miguu, isipokuwa mahali penye mamba au viboko. Maji yanayoburuta miguu ya mtu hayafai kuvukwa. Dereva huingia polepole kwa gia nzito na hasimami katikati. Maji yakiingia kwenye silinda, injini huzima. Kuiwasha tena kunaweza kupinda vyuma vyake, kwa sababu maji hayashindiliki kama hewa.

Baada ya kuvuka, breki hukanyagwa mara kadhaa ili zikauke. Baadaye oili ya difu, gia boksi na transfa hukaguliwa. Ikiwa na rangi kama chai ya maziwa, maji yameingia na oili inapaswa kubadilishwa.

Kulikwamua gari

Koleo ni kifaa cha kwanza. Kuondoa udongo mbele ya magurudumu na chini ya difu, kupunguza upepo na kutandika mawe au matawi humaliza kesi nyingi.

Kuvutwa na gari jingine kuna hatari yake. Mkanda au waya hufungwa kwenye ndoano iliyoshikamana na fremu ya gari, kamwe si kwenye kichwa cha kuvutia tela. Kichwa hicho kikikatika huruka kama risasi, na watu wamekufa kwa namna hiyo. Watu wote husimama mbali, na turubai au blanketi huwekwa katikati ya waya wa winchi ili kupunguza kuruka kwake ukikatika.

Matunzo

- 4x4 na gia nzito zitumike angalau mara moja kwa mwezi, kwenye vumbi au changarawe, ili oili izunguke na vifaa visigande.
- Chujio la hewa likaguliwe mara kwa mara, hasa wakati wa kiangazi, kwa sababu vumbi likipita hula silinda.
- Oili ya difu mbili na transfa isisahauliwe wakati wa kubadilisha oili ya injini.
- Chini ya gari paoshwe baada ya matope, na hasa baada ya kuendesha ufukweni, kwani chumvi huozesha fremu.

Mazingira

Kuacha njia iliyopo huua majani na kufungua mifereji ambayo mvua huigeuza kuwa makorongo. Katika hifadhi nyingi za taifa kuendesha nje ya barabara ni kosa, hata kama gari lina uwezo wa kupita.