Kadi ya Kunasa Video: Yapi ya Kuangalia Kabla ya Kununua

Familia nyingi bado zimehifadhi harusi, ubatizo na maulidi katika mikanda ya VHS, ilhali mikanda hiyo huchakaa na kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki, ilisitisha uzalishaji mwaka 2016. Kumbukumbu hizo zinaweza kuhamishiwa kwenye kompyuta ya nyumbani kwa kadi ya kunasa video.

Si kila kadi inafaa. Yenye tundu la HDMI pekee imekusudiwa vifaa vya kisasa, wakati deki hutoa mawimbi ya analojia kupitia waya wa njano wa picha na waya za sauti, nyekundu na nyeupe. Mnunuzi atafute kadi yenye matundu ya rangi hizo. Tundu la S-Video ni nyongeza nzuri, ingawa deki nyingi za nyumbani hazina.

Mikanda iliyorekodiwa nchini kwa kawaida ni ya mfumo wa PAL, wenye fremu 25 kwa sekunde. Uliotumwa na ndugu aliye Marekani huenda ukawa wa NTSC, hivyo kadi inayopokea mifumo yote miwili ni salama zaidi. Muhimu pia ni programu yake kukubaliana na mfumo endeshi wa kompyuta, kwani kadi ya zamani yaweza kuwa ya bei nafuu na bado isifanye kazi.