Dalali, Nahodha na Mgeni: Hukumu ya Kukodi Safari za Uvuvi na Uwindaji Moja kwa Moja

  

Walitujia msikitini baada ya swala ya Alasiri watu watatu wa mji mmoja wa pwani ya kusini ya Kenya wakiwa na mzozo. Wa kwanza ni nahodha mwenye boti ya kuvulia kwa mishipi. Wa pili ni kijana dalali anayewatafutia wageni vyombo. Wa tatu ni ndugu yetu mwenye asili ya Unguja aishiye Muscat, ambaye huja na wanawe wakati wa kaskazi, bahari inapotulia, kuvua nguru na jodari.

Mgeni alikuwa amemwambia dalali, "Nitafutie boti." Dalali akamjibu kuwa boti ni shilingi 60,000 kwa siku, naye akatoa. Nahodha alipewa 35,000, nayo ndiyo bei yake ya kawaida, akaridhika. Walipokuwa baharini mgeni akalalamika: kwa fedha zote zile, mbona hakuna hata chakula cha mchana? Nahodha akauliza, "Fedha zipi, Bwana?" Hapo siri ikafichuka. Mgeni akaapa kuwa safari ijayo atampigia simu nahodha mwenyewe. Dalali naye akasema: mimi ndiye niliyewakutanisha, hamna ruhusa ya kunipita.

Basi ni nani mwenye haki? Tumeona tulieleze suala hili kwa marefu, kwani linawagusa wengi wanaokodi safari za uvuvi na uwindaji, na wengi wao hawajui kuwa lina mlango wake katika fiqhi.

Jambo hili si geni katika pwani yetu

Msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 731 Hijria, sawa na 1331 Miladia. Ameeleza kuwa chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana akimpa mfanyabiashara sahani yake, basi huyo amekuwa mgeni wake. Mwenyeji ndiye atakayemuuzia bidhaa zake na kumnunulia anachotaka. Na aliyenunua kwake kwa bei ya kumpunja, au akamuuzia bila ya mwenyeji wake kuwepo, biashara hiyo ilikuwa hairuhusiwi kwao. Kisha akataja jambo moja linalotuhusu sana: yule aliyekwisha kuuzoea mji na kuwajua watu wake, yeye alikuwa hafungwi na ada hiyo, bali hushukia anapotaka.

Tunaona hapa kuwa mwenyeji aliwekwa kumlinda mgeni asipunjwe kwa sababu hajui. Ujinga wake ukiondoka, haja ya kumtegemea mwenyeji nayo huondoka. Tuuweke msingi huu akilini, kwani Sheria yetu tukufu imeuelekea.

Sheria inasemaje kuhusu dalali?

Mtume (s.a.w.) amekataza wanunuzi wasiwatokee wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni. Katika riwaya ya Muslim imekuja kuwa mwenye mali akishafika sokoni ana khiyari, yaani ana haki ya kuuvunja mkataba ule. Akakataza vilevile mwenyeji wa mji kumuuzia mtu wa bara, na Ibn Abbas (r.a.) alipoulizwa maana yake akasema: asiwe dalali wake. Na katika riwaya ya Jabir (r.a.) imetajwa hekima yake, kwamba watu waachwe, Allah awaruzuku baadhi yao kupitia kwa wengine.

Je, maana yake ni kuwa udalali ni haramu? La. Imamu Bukhari ameweka mlango maalumu wa ujira wa dalali, na ndani yake amewataja Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na al-Hasan kuwa hawakuona ubaya katika ujira huo. Na Qays bin Abi Gharaza (r.a.) amesimulia kuwa wao walikuwa wakiitwa madalali zama za Mtume (s.a.w.), naye akawapa jina lililo bora kuliko hilo, akawaita wafanyabiashara. Kisha akawausia kuwa biashara huingiwa na maneno ya upuuzi na viapo, basi waichanganye na sadaka.

Kwa hiyo kazi hii ni halali. Kilichokatazwa ni dalali kusimama baina ya watu wawili, akautumia ujinga wao kuwa ndio mtaji wake. Waandishi wa elimu ya hisba, kama ash-Shayzari katika karne ya sita Hijria, waliwashurutizia madalali wa masokoni wawe watu wa dini na amana, na wakawakataza kuzidisha bei ya bidhaa kwa matakwa yao wenyewe.

Wewe ni wakala wa nani?

Huu ndio ufunguo wa mas-ala yote. Mtu wa kati hatoki katika hali tatu.

Ya kwanza, awe wakala wa mgeni. Hapo kila nafuu aipatayo ni ya mgeni. Dalili yake ni kisa cha Urwa al-Bariqi (r.a.) kilichopokewa na Bukhari. Mtume (s.a.w.) alimpa dinari moja amnunulie mbuzi. Yeye akanunua mbuzi wawili kwa dinari ile, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari yake. Hakuitia dinari mfukoni akasema hiyo ni faida ya ujanja wangu. Na Mtume (s.a.w.) akamwombea baraka katika biashara yake.

Ya pili, awe wakala wa nahodha. Hapo ujira wake uko kwa nahodha, na alichopokea kwa mgeni ni kama kimepokelewa na nahodha mwenyewe. Dalali akitoroka na fedha, mgeni hadaiwi tena. Lakini akiwa ni wakala wa mgeni na akatoroka kabla ya kuzifikisha, hasara ni ya mgeni, na nahodha halazimiki kutia boti baharini. Tazama jinsi jibu la swali moja linavyogeuza hukumu yote!

Ya tatu, awe amelikodi boti yeye mwenyewe kwa nahodha, kisha akamkodisha mgeni. Hili Mashafii wamelijuzisha hata kwa ujira uliozidi ule alioulipa, na Mahanafi wana masharti katika ile ziada. Lakini mwenye kula faida hii lazima abebe na dhamana yake, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza faida ya kitu ambacho hakimo katika dhamana ya mtu.

Yule kijana alidai kuwa yeye ni wa hali hii ya tatu. Tukamuuliza: "Lau mgeni asingekuja siku ile, ungemlipa nahodha zile 35,000?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "La, Sheikh." Basi hakulikodi boti. Alikuwa ni wakala wa aliyemwambia "nitafutie", na ziada ile haikuwa yake.

Je, ile ziada ndiyo ujira wake?

Imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.) kuwa hakuna ubaya mtu kumwambia mwenzake: uza nguo hii kwa kiasi fulani, na kitakachozidi ni chako. Imamu Ahmad ameichukua kauli hii. Jamhuri ya wanazuoni wameikataa kwa kuwa ujira wenyewe haujulikani. Lakini hata kwa kauli ya Ibn Abbas, mwenye mali ndiye anayesema "kitakachozidi ni chako". Yeye anajua na ameridhia. Hapa mgeni hakujua wala hakuridhia, bali aliambiwa kuwa 60,000 ni bei ya boti, na huo ni uongo. Katika hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.) tumefundishwa kuwa wauziani wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa.

Hata hivyo hatukumnyima haki yake. Amefanya kazi, na kazi ina ujira. Kwa kuwa ujira haukutajwa, anastahiki ujira wa mfano, nao katika mji wao ni moja ya kumi, yaani shilingi 3,500. Hivyo zilizompasa kurudishwa ni 21,500. Kijana akasema kuwa simu ni zake, matangazo ni yake, na miezi ya kusi hukaa bila ya mgeni hata mmoja. Hayo ni kweli, na ndiyo yanayompa haki ya kudai ujira mkubwa zaidi, lakini kwa kuutaja, si kwa kuuficha. Akarudisha 15,000 siku ileile, na zilizobaki mgeni akamsamehe.

Kumpita dalali

Ama dai lake kuwa hawana ruhusa ya kumpita, tunasema kuna tafsili.

Ikiwa dalali amekuunganisha na nahodha kwa ajili ya safari fulani, nawe ukamzunguka kabla ya mkataba ili usimlipe, hiyo ni dhulma. Huu ni mlango wa ju'ala, yaani ahadi ya malipo kwa atakayetimiza kazi, na asili yake ni Suratu Yusuf, aya ya 72, ambapo aliahidiwa shehena ya ngamia mwenye kuileta kopo ya mfalme. Kazi imetimia, ujira umethibiti, na nahodha aliyeshiriki katika njama hiyo ana sehemu yake ya dhambi.

Lakini safari ya mwaka wa pili ni mkataba mwingine. Dalali hammiliki mgeni. Kujuana kwa watu si mali inayokodishwa kila mwaka, isipokuwa waliposharutiana tangu mwanzo kuwa kila safari ya mgeni yule ina fungu lake, kwani Waislamu hufungwa na masharti yao. Wao hawakushartiana hivyo, kwa hiyo mgeni ana haki ya kumpigia nahodha, kama alivyokuwa msafiri wa Mogadishu aliyekwisha kuujua mji.

Unapokodi mwenyewe, kodi kwa ujuzi

Aliyemwacha dalali amejitwika kazi ya dalali, na inampasa kubainisha mambo matatu.

La kwanza ni kile kinachokodiwa. Kumlipa nahodha kwa sharti la kupata samaki kadhaa ni gharar, maana samaki wa baharini bado si wa mtu. Imenasibishwa kwa Ibn Mas'ud (r.a.) katazo la kununua samaki aliyemo majini. Kinachosihi ni kukodi boti na kazi ya nahodha kwa muda maalumu: saa ngapi, mafuta ya nani, mishipi na chambo vya nani. Akirudi mtupu, ujira uko palepale.

La pili ni samaki wenyewe. Kuna bandari ambazo ada yake ni samaki kubaki na chombo. Ada hufanya kazi ya sharti kwa anayeijua, na mgeni haijui. Basi aambiwe kabla ya kung'oa nanga.

La tatu ni arbuni. Jamhuri wameikataza arbuni ambayo mwenye mali huichukua mgeni asipokuja. Imamu Ahmad ameijuzisha kwa kisa cha Nafi' bin Abdul-Harith, aliyemnunulia Umar (r.a.) nyumba ya Safwan bin Umayya mjini Makka. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, iliijuzisha katika mauzo na ukodishaji kwa sharti muda wa kungoja uwekwe wazi. Ama bahari ikichafuka na nahodha akashindwa kutoka, arbuni irudi kwa mwenyewe, kwani manufaa yaliyokodiwa hayakupatikana.

Ama uwindaji wa nchi kavu

Mgeni yule alituuliza pia kuhusu kuwinda. Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977. Tanzania inauruhusu chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na uwindaji wa kitalii hufanywa katika vitalu vilivyogawiwa kampuni zenye leseni. Kwa hiyo kukodi "moja kwa moja" huku ni kufunga mkataba na kampuni yenye kitalu bila ya wakala wa ng'ambo. Si kuelewana na mtu mwenye bunduki kijijini. Huyo anauza asichokuwa nacho, na Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam (r.a.) kuuza asichokuwa nacho. Na kuhifadhi ardhi na vilivyomo kwa maslahi ya umma ni jambo lenye asili: Mtume (s.a.w.) aliihifadhi an-Naqi', na Umar (r.a.) akaihifadhi ar-Rabadha.

Mwindaji akumbuke bismillahi, kama ilivyofundishwa katika Suratul Maida, aya ya 4. Na aihesabu nia yake, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza kukifanya chenye roho kuwa shabaha, na mwenye kuua kwa mchezo akaiacha nyama ioze hana udhuru wa kuwa leseni aliilipia.

Nasaha yetu

Maimamu wetu wa pwani wawafundishe vijana wa gati kuwa kusema "ujira wangu ni kiasi hiki" hakumfukuzi mteja. Kinachomfukuza ni kugundua baadaye. Yule dalali bado yuko katika kazi yake, na siku hizi huwaandikia wageni bei ya boti mstari mmoja, na ujira wake mstari wa pili. Mgeni wa Muscat humpigia nahodha mwenyewe, lakini jamaa zake wasioujua mji huwaelekeza kwa kijana yule.

Tunamwomba Allah atubariki katika riziki za halali na atuepushe na kula mali za watu kwa batili. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.