Kufundisha Habari za Uvamizi kwa Ushahidi: Mfano wa Uhehe na Usangu

Katika somo la Historia ni mada chache zinazompa mwalimu mpya taabu kama habari za uvamizi. Aghalabu watoto huzisikia nyumbani kabla ya kuzisikia darasani, na kila nyumba huzisimulia kwa namna yake. Darasa moja la Mbarali, mkoani Mbeya, laweza kuwa na watoto ambao mababu zao walipigana upande wa Merere, na wengine ambao mababu zao walipigana upande wa Mkwawa. Mwalimu akisema tu kwamba huyu alikuwa shujaa na yule msaliti, atakuwa amewahukumu watoto badala ya kuwafundisha. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi ushahidi wenyewe unavyoweza kumwongoza.

Mambo Yasiyo na Ubishi

Yafaa kuanza na mambo yanayojulikana waziwazi. Kabla ya utawala wa Wajerumani, Wahehe chini ya Munyigumba, na baadaye chini ya mwanawe Mkwawa, walipigana na Wasangu hata Merere na watu wake wakaihama nchi yao na kukaa Usafwa, karibu na ulipo mji wa Mbeya leo. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski kilishambuliwa na Wahehe huko Lugalo, na Zelewski akauawa. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa aliendelea kupigana porini mpaka Julai 1898, alipojiua ili asikamatwe. Katika miaka hiyo hiyo ya 1890 Wasangu walirudi Usangu kwa msaada wa Wajerumani.

Hapo ndipo penye kiini cha somo. Vita vile vile ambavyo kwa Wahehe vilikuwa uvamizi, kwa Wasangu vilifungua njia ya kurudi nyumbani. Hakuna upande unaosema uongo. Kila mmoja unaeleza yale yaliyowapata watu wake.

Aina za Ushahidi

(a) Maandishi. Mwaka 1877 Mwingereza J. F. Elton alifika kwa Merere, akakuta vita vya Wasangu na Wahehe vikiendelea. Aliyoandika ni ya mtu aliyeona kwa macho yake, lakini alikuwa mgeni wa Merere. Taarifa za kwanza za Lugalo zilitolewa na maofisa wachache waliosalimika, ambao walipaswa kuwaeleza wakubwa wao sababu za kushindwa. Tom von Prince, aliyeshiriki katika kuiteka Kalenga, alitoa kitabu chake mwaka 1914, miaka 20 baada ya tukio. Tena tukumbuke kwamba wengi wa waliokufa upande wa Zelewski walikuwa askari na wapagazi Waafrika. Wao hawakuacha maandishi.

(b) Masimulizi ya wazee. Haya hutupa mambo ambayo Wajerumani hawakuweza kuyajua: mashauri ya ndani, sababu za ugomvi, majina ya mahali. Katika mji wa Iringa liko jiwe la Gangilonga, ambalo jina lake huelezwa kuwa ni jiwe linalosema, na wenyeji husimulia kwamba hapo Mkwawa alipata habari za ujio wa maadui. Masimulizi kama hayo hayathibitishi kwamba jiwe lilinena, ila yanathibitisha jinsi watu walivyomheshimu kiongozi wao.

(c) Mabaki. Huko Lugalo upo mnara uliojengwa na Wajerumani kwa ukumbusho wa watu wao. Kalenga limehifadhiwa fuvu lililorudishwa mwaka 1954, baada ya Gavana Edward Twining kulichagua katika jumba la makumbusho la Bremen kwa kulinganisha vipimo vyake na vya jamaa za Mkwawa. Wapo wataalamu waliohoji kama vipimo hivyo vilitosha kulitambua. Kwa hiyo hata kitu kinachoshikika mkononi huhitaji kuulizwa: kimetoka wapi, na nani alikitambua?

Mfano Kutoka Bara Hindi

Tatizo hili si la nyanda zetu peke yake. Mnamo 1026 Mahmud wa Ghazni alilishambulia hekalu la Wahindu la Somnath, huko Gujarat. Waandishi waliowasifu wafalme wa Kiislamu walilikuza tukio hilo ili kumtukuza Mahmud, na karne nyingi baadaye wengine walilikuza ili kuchochea uadui. Lakini huko huko yamepatikana maandishi ya Kisanskriti ya mwaka 1264, yanayoeleza kwamba baharia tajiri wa Hormuz, Nuruddin Firuz, alipata ardhi ya kujenga msikiti katika mji ule kwa ridhaa ya wakubwa wa mahali. Maandishi hayo hayafuti uvamizi. Yanatukataza kudhani kwamba uvamizi ndio historia yote ya watu wale.

Hatua za Somo

1. Mwalimu aandike ubaoni mambo yasiyo na ubishi, pamoja na miaka yake.

2. Awagawe wanafunzi katika vikundi vitatu, kila kimoja kipewe aina moja ya ushahidi kwa maelezo mafupi.

3. Kila kikundi kijibu maswali manne: Nani anasema? Alikuwapo au alisikia? Alikuwa akimweleza nani? Ni nani ambaye hakusikika?

4. Majibu yalinganishwe. Panapokubaliana vyanzo viwili visivyotegemeana, pawekewe alama. Panapotofautiana, wanafunzi wajaribu kueleza sababu.

5. Kwa kazi ya nyumbani, kila mwanafunzi amwulize mzee mmoja habari za zamani za mahali pao, na aandike pia mzee huyo alizipata kwa nani.

Hatua ya tano yataka busara. Mtoto asicheke wala asisahihishe masimulizi ya mwenzake mbele ya darasa. Mwalimu ayapokee yote kwa heshima, kisha ayapitishe katika maswali yale yale manne, yawe ya Kihehe, ya Kisangu au ya Kijerumani. Mtoto akiona kwamba hadithi ya babu yake imepimwa kwa kipimo kile kile kilichotumika kwa kitabu cha Prince, hataona kwamba amedharauliwa.