Jiko la pipa na kutu yake

Jiko la mishkaki linalotengenezwa kwa pipa la lita 200 lililopasuliwa katikati huliwa na kutu kuanzia chini. Mvua husingiziwa, lakini mlaji hasa ni majivu. Majivu ya mkaa hufyonza unyevu na kuushikilia kwenye chuma usiku kucha, na chumvi zilizomo huzidisha kutu. Mwambaoni, Tanga au Mombasa, upepo wa bahari huongeza chumvi yake.

Kwa hiyo ukaguzi huanzia sakafuni mwa jiko. Majivu yakishakombwa, chuma hugongwa kwa ncha ya bisibisi. Kikilia, bado kizima. Kikibonyea au kutoboka, sehemu hiyo hukatwa na fundi akachomelea kiraka cha chuma tupu cha milimita 2 hivi. Kiraka cha bati la kuezekea ni kosa, ingawa ndicho kilicho karibu. Bati hilo limepakwa zinki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi za Selsiasi, na makaa yaliyopepewa hupita hapo bila shida. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa kwa anayeuvuta.

Kutu ya juu juu huondolewa kwa brashi ya waya, kisha msasa. Wavu huchovywa kwenye siki usiku mmoja, husuguliwa, husuuzwa na kukaushwa motoni papo hapo, maana chuma kitupu chenye maji hushika kutu tena siku hiyo hiyo. Nyuzi za brashi hukatika na kunasa. Wavu usipofutwa kwa kitambaa kibichi, nyuzi hizo huishia ndani ya nyama. Wavu uliokwisha kuwa mwembamba haufai kuhangaikiwa: mpya husukwa kwa nondo za milimita 6.

Rangi inayohimili joto, kama ile ya ekzosi, hupakwa nje tu. Ndani na kwenye wavu hupakwa mafuta ya kupikia, kiasi cha kung'arisha tu, kisha moto huwashwa hadi moshi ukome. Mafuta hugeuka ngozi nyeusi ngumu. Yakizidi, hunata kama ulimbo. Oili chafu ya gari, ambayo wengine huisifu, ina sumu na haifai kabisa kukaribia chakula.

Asubuhi baada ya kila choma, majivu yakishapoa, humwagwa yote.